Kopo la Wageni

4 Februari
Asubuhi: mawingu mepesi, upepo hafifu, hakuna mvua.

Kaka Mawingu,

Shikamoo. Naanza na hali ya hewa usije ukasema nimesahau ulivyonifundisha. Wewe huko kituoni kisiwani unapima upepo kwa mashine na kuandika kila baada ya saa tatu. Mimi napima kwa kutoa kichwa dirishani. Lakini shajara yangu haijaruka hata siku moja tangu uondoke, na leo ni siku ya tisini na moja.

Sisi wazima. Mama mzima, anakusalimu. Stoo ya kiwanda nayo ipo: juzi msimamizi alinikaripia mbele ya watu kwamba katoni sita za sabuni zimepotea. Nikamfungulia leja, nikamwonyesha saini yake mwenyewe. Watu walicheka mpaka akaenda kunywa maji.

Sasa tangi la samaki. Nimefuata yale maelekezo yako ya kurasa nne kama msahafu. Joto lipo pale pale, chumvi ipo kwenye mstari wa kijani, maji nabadilisha kila Jumapili ndoo mbili. Hata hivyo mwani umeingia. Ulianza kwenye jiwe la kushoto, laini kama ndevu za kijana wa miaka kumi na saba. Sasa ni ndevu za mzee. Zimefunika jiwe lote, zinayumba na maji, na zimeanza kushika bomba.

Nimepima naitreti: sifuri. Fosfeti: sifuri. Nikarudia mara tatu kwa vichupa tofauti. Sifuri. Basi mwani huu unakula nini, hewa?

Wale samaki mapacha wa rangi ya machungwa wazima. Shangazi wa Njano mzima, na kiburi chake kile kile. Anayenitia wasiwasi ni Karani. Unakumbuka Baba alivyolileta lile tumbawe likiwa dogo kama kidole gumba, na akaliita Karani kwa sababu lilikuwa likijifungua taa ikiwaka saa mbili asubuhi na kujifunga saa kumi na mbili jioni, hata dakika haliongezi. Siku hizi Karani anafungua ofisi nusu mlango. Upande ulio karibu na mwani haufunguki kabisa.

Ulisema siku ile unafunga begi, "Anayeweza stoo ya sabuni ataweza lita mia tatu za bahari." Sitaki uje ukute tangi la Baba limekuwa bwawa la vyura. Niambie nifanye nini.

Nazima taa saa tatu na nusu.

Mdogo wako,
Stoo

*

18 Februari, kituoni
Upepo wa kaskazini-mashariki, wenye nguvu. Mawingu robo tatu ya anga.

Mdogo wangu Stoo,

Marahaba. Meli ya mahitaji imefika jana na mafuta, unga na barua yako, kwa mpangilio huo huo wa umuhimu kwa wenzangu. Kwangu ilikuwa kinyume. Inakuja kila baada ya wiki mbili ikiwa bahari imeamua kuwa na adabu, kwa hiyo usinune majibu yakichelewa. Simu ya kituo unaijua: ni ya dharura tu, na mkuu wa kituo analala nayo kama mchumba.

Kwanza, usiiamini hiyo sifuri. Ni sifuri ya uongo. Chakula cha mwani kipo majini, ila mwani unakila kabla kipimo hakijakiona. Ni kama kuhesabu mikate mezani baada ya watoto kupita. Meza tupu haina maana kwamba hakukuwa na mkate.

Pili, sheria ya Baba, aliyoitoa kwenye majokofu aliyokuwa akiyatengeneza: badilisha kitu kimoja tu, ngoja wiki mbili, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mwani ukafa, hutajua nani kauua. Na Karani akifa, hutajua pia.

Tuanze na mwanga. Dirisha la sebuleni linaingiza jua la saa tisa, na mwezi huu limeinama. Weka pazia zito. Taa iwake saa sita tu kwa siku badala ya kumi. Karani atanung'unika lakini ataelewa.

Mkataba wangu unaisha mwishoni mwa Septemba. Mwambie Mama anihesabie siku. Na mwambie aendelee kuwapa wageni wake wa tangini chakula vizuri. Ni mikono yake na ya Baba iliyowakuza hao.

Unaandika saa unayolala kama mtu anayefunga stoo. Usiache. Napenda kujua taa ya nyumbani inazimwa saa ngapi.

Kakako,
Mawingu

*

9 Machi
Asubuhi: mvua ya manyunyu, ikakatika saa moja na nusu.

Kaka Mawingu,

Shikamoo. Pazia nimeweka, la kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye viti. Taa inawaka kwa saa sita kamili. Wiki mbili zimepita na siku tatu juu.

Mwani haujajali. Umehamia jiwe la kati. Na kwenye mchanga kumetokea utando mwekundu, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, nikiuvuta kwa mpira unarudi kesho yake.

Kile kikombe cha povu kinachonasa uchafu wa maji, ambacho wewe ulikuwa unakimwaga mara mbili kwa wiki, mimi sasa nakimwaga kila siku. Kinajaa maji meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nimeandika kila kitu.

Nilipoenda duka la samaki kununua kopo jingine la chakula nilimwuliza muuzaji, yule mwenye tumbo. Akaniambia, "Mwani, dada, ni kama mgeni wa harusi. Ukishampa kiti hanyanyuki mpaka sufuria ipinduliwe." Akaniuzia konokono kumi. Wanne wamekwisha kufa. Sijui walikufa kwa shibe au kwa huzuni.

Mama mzima. Anakuhesabia siku.

Nazima taa saa tano kasoro dakika kumi.

Stoo

*

24 Machi, kituoni
Upepo umeshuka. Anga wazi, joto.

Mdogo wangu,

Pole kwa konokono. Mwambie yule mwenye tumbo kwamba nikirudi nitamrudishia maganda.

Basi si mwanga. Tumeondoa mshukiwa mmoja, na hiyo ni kazi nzuri hata kama haionekani. Sasa maji. Chujio la maji ya kuongezea lina mwaka na nusu; lilipaswa kufa zamani. Badilisha chujio. Kisha toa mawe moja moja, yasugue kwa mswaki kwenye ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba, halafu uyarudishe. Ngoja wiki mbili.

Isiposaidia, tutatumia giza. Siku tatu kamili, tangi limefunikwa kwa blanketi, taa imezimwa, bila kuchungulia. Samaki watavumilia, na Karani atavumilia. Mwani hauvumilii.

Nina ombi. Mwambie Mama aandike mistari miwili chini ya barua yako. Chochote, hata bei ya vitunguu. Nimeukumbuka mwandiko wake. Zile "t" zake zenye mkia kama wa mjusi.

Mawingu

*

12 Aprili
Asubuhi: ukungu mpaka saa mbili, kisha jua.

Kaka,

Shikamoo. Chujio nimebadilisha. Mawe nimesugua kwa miswaki mitatu, magoti yangu bado yananilaumu. Siku tisa tangi lilikuwa safi, Kaka, safi mpaka nikamwita jirani wa juu ashuke aje kuona. Siku ya kumi nywele zikarudi.

Nikafanya giza. Blanketi la kijivu la kitanda chako. Kuna kitu kidogo kilitokea, nitakusimulia ucheke. Siku ya kwanza Mama aliamka, akaliona tangi limefunikwa, akasimama mlangoni mwa sebule, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani?" Nikamwambia hakuna mtu, Mama, ni tangi. Akasema, "Mbona mmemfunika mpaka usoni, na watu hawajaitwa?" Akavua viatu. Akakaa chini kando ya tangi mpaka mchana. Alikuwa bado na usingizi, nadhani. Baadaye tulicheka.

Nilitoa blanketi siku ya pili, si ya tatu. Samahani. Giza halikukamilika, kwa hiyo usilihesabu kwenye majaribio.

Mwani upo. Karani hajafungua ofisi wiki nzima.

Mama ameumia kidole, hawezi kushika kalamu. Anakusalimu sana. Nimenunua chujio la ziada na kopo jingine la chakula, kwa hiyo vifaa vyote vipo.

Nazima taa saa sita na nusu.

Stoo

*

26 Aprili, kituoni
Namba za kipimahewa zimeshuka tangu jana. Dhoruba inakuja.

Mdogo wangu,

Sina zamu leo. Nimezipanga barua zako tatu mezani kwa mstari, kama ninavyopanga karatasi za kipimahewa, nikasoma namba tu na kuacha maneno.

Kopo la chakula nililoacha Novemba nilinunua mimi. Kwa kijiko kimoja kidogo cha asubuhi, kopo lile linafika Julai. Wewe umenunua jingine Machi, na jingine Aprili. Wewe, mtu anayejua katoni sita zimekwenda wapi, hukushangaa.

Kikombe cha povu kinajaa kila siku.

Saa yako ya kulala: tatu na nusu, tano kasoro dakika kumi, sita na nusu.

Si taa, si maji. Kuna mtu anawalisha samaki hawa mara sita kwa siku, au zaidi, na wewe hulali kwa sababu yake. Nyumba hiyo ina watu wawili.

Stoo, ni kidole gani?

Kakako

*

11 Mei
Asubuhi: sikutazama nje. Jirani amesema kulikuwa na mvua.

Kaka,

Ni vidole vyote kumi, na hakuna hata kimoja kilichoumia.

Nitakuandikia kutoka kwenye shajara, kwa sababu nikiandika kwa kichwa nitapamba.

14 Januari: Niliingia sebuleni kuchukua mwavuli. Mama alikuwa anawalisha. Nilikuwa nimemwona akiwalisha dakika kumi kabla.

2 Februari: Mara nne kabla sijaenda kazini.

20 Aprili, Jumapili: Nilikaa kwenye kiti cha Baba na penseli. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, mara kumi na moja. Kila mara anafungua kopo, anapiga kijiko ukingoni mara mbili kama alivyokuwa akifanya Baba akimkabidhi kijiko, anasema, "Masikini, wageni hawajala." Sauti ile ile. Huruma ile ile, mpya kabisa, kama imetoka kuzaliwa.

Tazama tarehe ya kwanza. Nilijua kabla ya barua ya kwanza. Nilikuandikia ili wewe uniambie kwamba si hilo. Uliposema ni mwanga nilifurahi sana, Kaka. Nilishona lile pazia nikiimba. Uliposema ni chujio nilikimbia kulinunua wakati wa chakula cha mchana. Kila ulichoniambia nilikifanya kwa moyo wote, na kila wiki mbili zikipita nilikuwa napoteza sababu nyingine.

Nilijaribu kumwambia. "Mama, umeshawapa." Anasimama na kijiko hewani. Ananitazama, na kwa kama dakika moja anajua. Anajua kila kitu, Kaka: kwamba ameshawapa, kwamba si mara ya kwanza, kwamba kuna kitu kinamla. Halafu kinapita, anatabasamu, anafungua kopo. Dakika ile moja ndiyo siwezi kuitazama. Nikaacha kumwambia. Nikawa nanunua makopo.

Machi nilimpeleka kliniki. Daktari alimchorea duara akamwambia aweke namba za saa. Aliziweka zote kumi na mbili upande wa kulia, zikapandana kama watu wanaogombea mlango. Akasema, "Nimemaliza, daktari, kijana wangu ndiye anayejua saa, yeye anapima mvua." Daktari ameniambia kinachomla hakirudi nyuma. Kinaweza kwenda polepole, ndicho pekee alichoniahidi.

Mama alinisihi nisikuambie. Hiyo ilikuwa siku aliyojua. Alisema, "Atayaacha maisha yake aje kunishika mkono kwenda chooni. Muache amalize." Siku iliyofuata hakukumbuka kwamba alisema. Mimi nikawa nashika ahadi ambayo mwenyewe ameshaisahau.

Nikienda kazini nazima gesi kwenye mtungi. Jirani wa juu anashuka saa nne na saa nane. Usiku Mama anaamka kutafuta kopo, ndiyo maana ya zile saa.

Hakuhesabii siku. Wiki iliyopita aliniuliza wewe umeoa wapi.

Saa saba na dakika tano.

Stoo

*

24 Mei, kituoni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena leo.

Kuhusu Mama sijui niandike nini. Nimekaa tangu asubuhi. Kuhusu tangi najua, kwa hiyo nitaandika kuhusu tangi.

Nunua kufuli dogo. Mfuniko una tundu mbili za skrubu mbele. Pitisha waya mnene, funga. Ufunguo uwe shingoni mwako. Utalisha wewe, mara moja, jioni ukirudi kazini, robo ya kijiko. Kopo liondoke machoni pake. Badilisha ndoo tatu kila siku ya tatu. Mwani utakufa njaa. Wiki sita, pengine nane. Karani akifungua ofisi mlango wote, tutajua tumeshinda.

Najua nachokuomba. Lakini hicho ndicho kitu pekee alichokiacha Baba ambacho bado kinapumua, na kikifa Mama atakuwa na nini cha kutazama?

Ulipaswa kuniambia Januari.

Hapana. Sijui. Ningekuambia ni mwanga.

Kakako

*

8 Juni
Asubuhi: jua kali, hakuna wingu.

Kaka,

Shikamoo. Nilifunga tarehe 31 Mei.

Alikuja asubuhi na kijiko. Akainua mfuniko, ukakataa. Akainua tena. Akaona kufuli, akalishika kama anavyoshikwa mtoto kidevu.

"Nani kafunga?"

"Mimi, Mama. Wanaumwa. Daktari wa samaki kasema wafunge."

"Wageni wafunge? Nyumbani kwangu?"

"Siku chache tu."

"Mgeni haulizwi kama ameshiba. Anawekewa." Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Wewe umelelewa na nani?"

Nikasema, "Na wewe, Mama."

Akasema, "Mimi sikulea mtu wa kufungia watu chakula."

Hakula siku ile. Alisema hawezi kumeza na wao wanatazama. Jioni nilipowalisha mimi alisimama nyuma yangu kuhesabu punje, akasema, "Kiduchu hicho. Utatuaibisha." Tangu hapo anakula ukoko tu, na mimi nimemsimamia.

Mwani kwenye bomba umeanza kuwa mweupe kwenye ncha. Nakuandikia kwa sababu uliniambia niandike kila kitu. Karani leo asubuhi amefungua robo.

Saa nane kamili.

Stoo

*

22 Juni, kituoni
Shwari. Tangu nifike sijaona bahari imelala hivi.

Mdogo wangu Stoo,

Ncha nyeupe! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye dari, mwulize mpishi wetu. Ikiwa ilikuwa nyeupe tarehe nane, leo jiwe la kati linaonekana. Ngozi nyekundu itafuata. Usilegeze kufuli. Mama atazoea, chochote kinazoeleka, hata mimi nimemzoea mpishi huyu.

Nina jambo. Nimelibeba tangu Machi, na nilijiambia: mwani ukiisha nitamwambia, Stoo akiwa na habari moja nzuri mkononi ndipo apokee hii. Nadhani siku imefika.

Sirudi Septemba. Machi walileta karatasi za mwaka mwingine, nikatia saini. Sikuwa najua ya Mama. Nilidhani nyumba iko sawa, kwamba kinachonihitaji ni samaki tu. Baada ya barua yako ya Mei nilimwendea mkuu wa kituo. Amesema mpaka apatikane mtu wa kushika zamu zangu, na watu wa kukubali kisiwa hiki hawapatikani sokoni. Nimeandika makao makuu. Nangoja.

Wewe nilikuuliza ni kidole gani. Mimi sikuwa na hata kidole cha kusingizia.

Nishikie tangi. Nishikie Karani mpaka nije.

Kakako,
Mawingu

*

7 Julai
Asubuhi: mawingu mazito, upepo hafifu, hakuna mvua.

Kaka Mawingu,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe ishirini na mbili imefika. Ulipokuwa unagonga kichwa kwenye dari, tangi lilikuwa limekwisha kufa siku nne.

Tarehe 18 Juni nilirudi kazini saa kumi na moja na robo. Nilinusa kabla sijafungua mlango. Mama alikuwa amekaa mbele ya tangi, bilauri tupu mapajani, mikono imekunjwa juu yake. Kufuli lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Maji yalikuwa meupe. Si ukungu: meupe, sikuona hata jiwe la mbele.

Aliweka kidole mdomoni. "Pole pole," akasema. "Nimewapa maziwa. Wamelala."

Ni ile nafasi ya nyuma ya mfuniko, bomba linapopita. Hukuitaja, na mimi sikuifikiria. Ni pana kiasi cha mdomo wa bilauri. Pakiti tatu zilikuwa tupu jikoni, zimekatwa kwa mkasi vizuri, zimesuuzwa, zimeanikwa. Kopo lilikuwa limefichwa, kufuli lilikuwa limefungwa, na wageni hawajala. Aliwatafutia alichonacho. Ni sisi tuliomfundisha kutafuta njia nyingine.

Nilibadilisha ndoo kumi na nne. Jirani wa juu alishuka akanisaidia kubeba. Mapacha niliwakuta kwenye kona, mmoja juu ya mwenzake. Shangazi wa Njano alikuwa bado anapumua, akaacha saa mbili na dakika arobaini usiku. Karani alichukua siku nne. Aliyeyuka kuanzia pembeni, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Siku ya tatu, taa ilipowaka saa mbili, kipande cha katikati kilijaribu kufunguka. Nimeandika hilo kwenye shajara na sijui kwa nini nimeliandika.

Mwani haukufa. Wenyewe ndio uliobaki. Umejaa kioo hadi kioo, mrefu, kijani kizuri kwa kweli, unayumba siku nzima. Nimeacha pampu na taa zikifanya kazi, kwa sababu zikinyamaza Mama anaanza kuuliza nani amefunikwa.

Kufuli nimelitoa. Kopo nimelirudisha mahali pake. Siku chache aliendelea kuwalisha, akigonga kijiko mara mbili, akitafuta macho kwenye majani. Kisha akaacha. Siku ya mwisho aliweka kijiko chini akasema, "Wameondoka bila kuaga."

Kuhusu saini yako. Niliposoma nilifungua shajara nikaandika hali ya hewa ya mchana. Ndicho nilichoweza. Sina hasira. Umengoja mwani uishe uniambie, na mimi nimengoja mwani uishe nikuambie, na mwani ulikuwa unakula vyote viwili.

Usije kwa ajili ya tangi. Nimeifikiria sana ile simu yenu ya dharura. Dharura ni kitu kinachotokea siku moja, watu wakakimbia. Hiki hakina siku. Ningepiga na kusema nini? Kwamba leo ni kama jana, ila kidogo zaidi? Kama utaweza kuja, njoo wakati bado anajua kwamba kuna mtu wa kuja. Mimi ameshaacha kunijua, isipokuwa asubuhi nyingine kabla ya chai. Hilo nalo nilikuficha. Sasa sina kitu stoo.

Leo nimerudi kazini saa kumi na moja, nikakaa mezani bila kuvua viatu. Alinitazama kwa muda mrefu kutoka mlangoni. Akaenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na maharage aliyoacha jirani, akaiweka mbele yangu. Hakuuliza kama nina njaa. Akagonga kijiko ukingoni mara mbili, akanipa.

Nikala. Akasimama akitazama mpaka nikamaliza, akachukua sahani, akaiosha.

Baada ya muda alirudi mlangoni, akanitazama. "Masikini," akasema, "mgeni hajala." Akaleta sahani nyingine.

Ameleta nne. Nimekula zote, Kaka. Ya mwisho ilikuwa mkate mkavu na chumvi, kwa sababu chakula kilikuwa kimeisha. Aliponiona nimemaliza alifurahi, nikamwona kama alivyokuwa zamani, Baba akiwa nyuma yake ameshika kopo. Akanipangusa mdomo kwa ncha ya khanga yake. Akasema nilale hapa hapa, usiku ni mbaya kwa mtu asiye na kwao.

Yeye amelala saa tatu na dakika ishirini.